Sio kila kisiwa cha Ugiriki ni nyumba nyeupe na kuba za bluu

Jamani hizi picha za Santorini zimetuharibu, mtu akisikia kisiwa cha Ugiriki anawaza kuta nyeupe na kuba za bluu tu, halafu akifika kisiwa cha Hydra anashangaa mbona majumba ni ya mawe ya kijivu, makubwa, yamepanda mlimani kuizunguka bandari kama ngome. Wengine wanadhani yalijengwa na hela ya watalii au ya samaki. Wapi! Ni ya manahodha na wenye meli wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19, walikuwa wanabeba nafaka, na kwenye vita vya Napoleon Waingereza walipozuia bandari wao wakapenya na ngano yao, faida ikawa balaa. Mwaka 1821 Wagiriki walipowaasi Waturuki meli hizohizo zikaingia vitani, na amirijeshi wa baharini Andreas Miaoulis alikuwa mtu wa Hydra.

Ukienda, panda boti ya kasi pale Piraeus, bandari ya Athens, ni masaa mawili hivi. Magari yamepigwa marufuku (ya taka yapo), kwa hiyo begi lako linabebwa na punda au nyumbu, hata saruji ya fundi inapanda ngazi hivyohivyo. Usikose nyumba ya Lazaros Koundouriotis, mmoja wa wale wenye meli, ile ya njano juu upande wa magharibi, sasa ni makumbusho. Ila fukwe za mchanga usizitegemee sana, pale Spilia watu wanajirusha majini kutoka kwenye miamba.