Sera ya maktaba ya shule si orodha ya makatazo

Wengi hudhani sera ya maktaba ni ile karatasi ya ukutani: usipige kelele, usile, ukichelewesha kitabu utalipa faini. Hizo ni kanuni za wasomaji tu. Sera huamua nani anachagua vitabu na kwa vigezo gani, vipi viondolewe, na mzazi akilalamikia kitabu afuate njia ipi. Hapa ndipo penye hatari kubwa: pasipo fomu ya malalamiko na kamati ya kukisoma kitabu chote, simu moja ya hasira inatosha kukiondoa. Kitabu kinacholalamikiwa kibaki kwenye rafu hadi kamati iamue. Vitabu vinavyotolewa kwa shule kama msaada navyo vipimwe kwa vigezo vilevile, la sivyo rafu zitajaa vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kufutwa. Bodi ya shule iidhinishe sera kwa maandishi.