VRAM ni nini, na kiasi gani kinatosha kwa kompyuta ya gemu ya daraja la kati

VRAM ni kumbukumbu iliyo ndani ya kadi ya michoro yenyewe, pembeni kabisa ya chipu inayochora. Si ile RAM inayochomekwa kwenye ubao mama. Kadi yenye gigabaiti 8 itabaki na 8 hata kompyuta uijaze RAM ya gigabaiti 64, kwa sababu chipu za VRAM zimelehemiwa kwenye kadi na huwezi kuziongeza baadaye. Ukishanunua, umeshaamua.

Wengi hudhani kinachoijaza ni picha iliyo kwenye skrini. Hesabu inakataa. Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Kila moja ikichukua baiti 4, picha nzima ni megabaiti 8 na kidogo. Hata ya 4K haifiki 34. Walaji wakubwa ni tekscha, yaani picha zinazovishwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane wa matofali na uso wa mtu uwe na mikunjo. Tekscha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, hata ikibanwa hadi baiti moja kwa kila pikseli, huchukua megabaiti 16 hivi, na gemu kubwa huhitaji tekscha nyingi sana kwa wakati mmoja. Ongeza maumbo yenyewe, vivuli, na data ya kufuatilia miale ya mwanga kama umeiwasha.

VRAM ikijaa, si lazima gemu izimike. Kinachozidi huwekwa kwenye RAM ya kompyuta, na kikihitajika hupitishwa kwenye PCIe, yaani njia inayounganisha kadi na ubao mama. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Kadi ya RTX 4060 ya NVIDIA husoma VRAM yake kwa kasi ya gigabaiti 272 kwa sekunde, ilhali njia yake ya PCIe 4.0 yenye mikondo 8 hupitisha takriban 16. Kwenye ubao mama wa zamani wa PCIe 3.0, ni nusu ya hapo. Ni sawa na fundi cherehani ambaye kitambaa kimekosa nafasi mezani, akawa anakifuata stoo kila anapotaka kushona mshono mmoja.

Mchezaji huliona hilo kama mikwamo. Kwa fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Kadi ikisubiri data kidogo tu, muda umepita. Ndiyo maana wastani wa fremu unaweza kupendeza kwenye jedwali huku gemu ikigandaganda kila ukigeuka. Gemu nyingine hazikwami, ila hushusha ubora wa tekscha kimyakimya, na unabaki kujiuliza kwa nini mlango ulio mbele yako una ukungu.

Hata hivyo, VRAM si nguvu. RTX 3060 ya 2021 iliuzwa ikiwa na gigabaiti 12, na RTX 4060 ya 2023 ikaja na 8. Bado 4060 huwa na kasi zaidi mradi kumbukumbu isijae. Chipu dhaifu haiokolewi na gigabaiti nyingi. Kwa hiyo kwanza tafuta chipu inayoimudu skrini yako, kisha ndipo ulinganishe kumbukumbu.

Soma tarakimu kwa makini, maana kuna kadi za jina moja zenye VRAM tofauti. RTX 4060 Ti ilitoka ikiwa na 8 au 16, na RX 9060 XT ya AMD ya 2025 vivyo hivyo. Naona mtindo huu unamuumiza mnunuzi asiyejua, hasa ukikumbuka kwamba GTX 1070 ilikuwa na gigabaiti 8 tangu 2016.

Kwa maoni yangu, anayenunua kadi ya kati ili akae nayo miaka kadhaa aanzie gigabaiti 12, kama ilivyo Arc B580 ya Intel, na kwa 1440p achukue 16 akiweza. Nane zinamtosha anayecheza gemu nyepesi za mashindano kwa 1080p, au aliye radhi kushusha tekscha. Na kushusha tekscha kunauma, kwa sababu ndiyo mpangilio unaopendezesha gemu bila kuichosha chipu, ilimradi nafasi ipo. DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, teknolojia za kukuza picha, hupunguza mzigo kiasi kwa kuchora picha ndogo kisha kuikuza, lakini kuzalisha fremu za nyongeza kunataka VRAM zaidi.

Kama tayari una kadi na unashuku imejaa, usiamini moja kwa moja kipimo cha VRAM kinachoonyeshwa, kwani gemu nyingi hujitengea nafasi kuliko zinavyohitaji. Shusha tekscha ngazi moja, usiguse kingine chochote, uanzishe gemu upya na upite tena palepale. Mikwamo ikitoweka, tatizo lilikuwa kumbukumbu; ikibaki, kaichunguze prosesa.