Banana ya dhahabu haifungui besi

Mteja mwingine tena kaniuliza: akiacha kufunga nyaya tupu za spika akaweka banana (plagi ndogo za kuvalisha ncha za waya) zilizopakwa dhahabu, besi "itafunguka"? Haitafunguka. Nimeandika hapa ili kuanzia leo niwe natuma linki tu.

Hesabu, harakaharaka. Spika iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Kwenda na kurudi ni mita 10 za shaba. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani ni kama omu 0.07, mbele ya spika ya omu 8. Kiungo kilichokazwa vizuri, kiwe banana au waya mtupu, huongeza sehemu chache za elfu za omu. Sikio la nani litasikia tofauti hiyo?

Halafu wapo wa upande wa pili: "Waya mtupu ndio safi, hakuna kitu katikati." Hawa ndio wananichosha. Ninachokikuta nyuma ya amplifaya zao ni waya uliochunwa sentimita tatu wakati moja yatosha, nyuzi hazikusokotwa, na uzi mmoja mwembamba kama unywele umechomoka kwenye chanya ukalalia hasi. Siku ya sherehe sauti inapandishwa, transista za pato zinakwenda na maji. Banana huzificha nyuzi hizo, na ukichomeka na kuchomoa kila wiki, waya haukatikikatiki. Basi, sifa zake ndizo hizo. Tena ifungue hiyo banana ya skrubu uone kilichomo: waya mtupu, umebanwa!

Usiloweshe ncha ya waya kwa risasi ya kulehemu kisha ukaikaza na skrubu. Risasi ni laini, husogea taratibu ikibanwa, na kiungo hulegea. Terminali za klipu (zile za kubonyeza) kwa kawaida hazipokei banana. Jukwaani weka Speakon, plagi ya spika ambayo ukiichomeka na kuizungusha inajifunga.

Kuhusu kutu sina kanuni. Huku pwani hewa ina chumvi, na nimefungua viungo vya waya mtupu vya miaka mingi nikakuta shaba inang'aa, vingine vilivyokazwa vilevile vimekuwa kijani. Mimi hukata ncha, nikachuna upya.

Pesa ya dhahabu iweke kwenye waya. Waya mwingi wa bei poa ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona weupe, mrudishie mwenye duka.