Je, wajua kwa nini sisimizi hurudi uani siku chache baada ya kupuliziwa dawa?

Mvua za Machi zinapoanza, katika nyua nyingi za Kampala huonekana mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye ufa wa baraza hadi pale panapooshewa sufuria za posho. Mwenye nyumba huchukua kopo la dawa, akaupuliza mstari wote, na baada ya dakika chache sisimizi wote wamejikunja. Siku tatu hazipiti, mstari umerudi palepale. Wengi huilaumu dawa kuwa ni feki, na huenda mara nyingine ni kweli, lakini hata dawa halisi huishia hivyo hivyo.

Wale tunaowaona juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya kundi, nao ni watafuta chakula ambao pengo lao huzibwa upesi. Malkia hatoki: yumo ndani ya udongo pamoja na mayai na mabuu, akiendelea kutaga. Dawa nyingi za kopo zina viuadudu vilivyotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, ambavyo huvuruga neva za mdudu mara anapoguswa. Kwa hiyo sisimizi hufa njiani, kabla ya kuifikisha sumu nyumbani.

Ndiyo maana inayofaa zaidi ni sumu inayoua polepole. Sisimizi aliyekomaa hawezi kumeza chakula kigumu. Hunywa majimaji, akayahifadhi katika mfuko ulio tumboni, kisha akifika kiotani huwatapikia wenzake mdomo kwa mdomo, hadi tone moja limezunguka kwa wengi, malkia akiwemo. Chambo cha maji ya sukari kilichotiwa asidi ya boriki kiasi cha asilimia 1 hutegemea tabia hiyo. Ukizidisha sumu, mbebaji hufa mapema nawe umerudi kwenye kopo lako. Kiwekwe kando ya njia yao, ndani ya chombo chenye matundu madogo ambacho watoto na kuku hawawezi kukifungua, na njia yenyewe isipulizwe wala kufagiliwa. Kuwaacha wanywe kwa siku kadhaa kunahitaji moyo, nakiri.

Siafu ni habari nyingine. Hao hula nyama, hivyo sukari haiwavuti, tena huhamahama; mara nyingi hupita na kwenda zao wakiwa wamekula mende na panya wachanga.

Kichuguu kilichoota nyuma ya nyumba nacho kisichanganywe na haya, kwani mchwa si sisimizi bali ni ndugu wa mende. Kabla ya kukimwagia dawa, waulize majirani, maana huenda kuna mtu anayesubiri kumbikumbi, wale ambao Waganda huwaita enswa, ili awakaange na kuwala.