Kiharusi: Mgonjwa Alionekana Mzima Saa Ngapi?

Kila ifikapo tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, tunarudia kueleza dalili: mdomo kwenda upande, mkono na mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kukwama. Wananchi wengi wanazifahamu. Kinachotukwamisha sisi wa mapokezi ya hospitali ni swali jepesi ambalo ndugu hufika bila jibu lake: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi?

Hatuulizi mlimkuta saa ngapi. Aliyekwenda kulala mzima saa 3 usiku, akakutwa saa 12 asubuhi hawezi kuinua mkono, kwetu anahesabiwa tangu saa 3 usiku, yaani zimeshapita saa 9, ilhali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu. Muda ukipita bado aletwe, kwani matibabu mengine yapo.

Akifika hupimwa sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana humfanya mtu aonekane amepata kiharusi. Kisha presha, ambayo ikizidi 185 kwa 110 hushushwa kwa uangalifu kabla ya dawa hiyo. Halafu uzito, kwa kuwa dozi ya dawa hiyo, iitwayo alteplase, ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi miligramu 90. Na hupigwa picha ya CT scan ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Kwa macho hakuna daktari anayeweza kutofautisha, na dawa inayomwokoa wa kwanza inaweza kumuua wa pili.

Ndiyo maana inatuchosha, niseme wazi, kupokea mgonjwa aliyekwisha kupewa aspirini, au kidonge cha presha cha jirani chini ya ulimi. Kuishusha presha ghafla hupunguza damu katika sehemu ya ubongo ambayo tayari inaikosa. Uji na maji navyo visubiri, maana koo likilegea huingia mapafuni. Kuhusu upepo mbaya na kurogwa, hatubishani na imani ya mtu. Ila anayekandwa mafuta siku tatu ndipo aletwe, amefika dawa hiyo ikiwa haimfai tena.

Wengine huuliza, miezi kadhaa baadaye, kwa nini mguu umekonda. Misuli isiyotumika hunyauka, na hakuna sindano ya kuijaza. Mazoezi ya viungo huanza wodini hali ikitulia, na huendelea nyumbani. Lakini misuli inayokonda polepole pande zote mbili huashiria ugonjwa mwingine, wa neva au wa misuli yenyewe, na huenda ukahitaji kipimo cha umeme wa neva. Huyo aje kliniki na barua ya rufaa, kadi ya bima na dawa zote anazotumia.

Kiharusi hakingojei barua. Mgonjwa apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali ya karibu yenye CT scan, akisindikizwa na mtu aliyelala naye nyumba moja, si mwenye gari peke yake.