Jamani, Meiji hakuibadilisha Japani peke yake (na wala hakuitwa Meiji)

Juzi tena. Kwenye grupu la WhatsApp la watu niliosoma nao, mtu katupia ile picha ya Meiji, Tenno (yaani mfalme) wa Japani, kavaa magwanda, medali kifua kizima, upanga pembeni, chini kaandika kwamba huyu alikuta nchi ya mapanga akaiacha na treni na manowari, na kwamba sisi tunakosa mtu mmoja tu wa hivi. Dole gumba kama thelathini. Mimi nafundisha historia ya Asia Mashariki, sentensi hiyo nimeikuta kwenye insha za wanafunzi mpaka kalamu nyekundu inajua njia yenyewe. Sasa naandika hapa, wakirudia nawarushia linki.

Tumalize na dogo kwanza. Jina lake Mutsuhito. Meiji ni jina la zama, lilianza kutumika 1868, yeye mwenyewe akapewa alipofariki 1912. Akiwa hai hakuna aliyemwita hivyo. Basi.

Halafu umri, maana hapa ndo watu hawapigi hesabu kabisa. Kazaliwa Novemba 1852. Watu wa Satsuma na Choshu (majimbo mawili yaliyompinga shogun, mtawala wa kijeshi) walipotangaza Januari 1868 kwamba utawala umerudi kwa Tenno, alikuwa na miaka 15. Kumi na tano, mtoto wa fomu tuu! Kile Kiapo cha Vipengele Vitano (ahadi za serikali mpya) cha mwaka huohuo ambacho watu wanakinukuu kama maono yake, rasimu waliandika Yuri Kimimasa na Fukuoka Takachika, Kido wa Choshu akaipitia akarekebisha, na siku yenyewe aliyekisoma kwa sauti ni Sanjo Sanetomi, mkubwa wa ikulu, Tenno kijana amekaa tu pale. Kufuta han (yale majimbo ya mabwana wa kivita) 1871 ni kina Okubo, Kido na Saigo, watu haohao wa Satsuma na Choshu. Jeshi la lazima ni Yamagata. Katiba ya 1889 ni Ito na timu yake. Na hata hiyo bakufu (serikali ya shogun) mnayoisema ilikuwa giza tupu, kiwanda cha meli cha Yokosuka ilianza kukijenga 1865 na mhandisi Mfaransa, Tenno wetu bado hajakalia kiti.

Lakini kinachonikera zaidi ni kale kapicha ka kiongozi ameamka asubuhi, kaona mbali, kaamuru. Ngoja niwape kalenda, mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwishoni mwa 1872 serikali ikatangaza ghafla kwamba kalenda ya mwezi basi, tunaenda na ya jua kama Wazungu. Ghafla kweli, tangazo limetoka hata mwezi haujaisha mabadiliko yanafika. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ulikuwa na siku mbili tu, siku ya tatu ikageuka kuwa 1 Januari 1873. Waza mchapa kalenda ambaye keshajaza stoo kalenda za mwaka unaofuata. Waza mtu aliyezoea kufunga madeni yake mwisho wa mwaka, kalala anajua ana kama wiki saba, kaamka ana kama tatu.

Amri imetoka kwa jina la Tenno, maneno mazito ya kisayansi ndani. Sasa fungua daftari la hazina. Kalenda yao ya zamani haikuwa kama Hijria yetu inayoacha misimu ihame, wao kila baada ya miaka kadhaa walichomeka mwezi wa ziada kuirudisha kwenye mstari, na 1873 ulikuwa mwaka wa mwezi wa ziada. Miezi 13. Na maofisa walikuwa wanalipwa kwa mwezi! Okuma Shigenobu, ambaye ndo alikuwa anahangaika na fedha za serikali isiyo na kitu mfukoni, baadaye alieleza mwenyewe kwamba hesabu hiyo ilikuwemo. Badili kalenda, mshahara wa mwezi wa 13 umeyeyuka, na wa ule mwezi wa siku mbili umeyeyuka pia. Maendeleo hayo. Mimi sicheki, serikali imefilisika inafanya nini, ila msiniambie ni maono ya kijana wa miaka 20.

Haya, nisianguke upande wa pili. Wako wenzangu wanaosema alikuwa mwanasesere tu, na hapo nayumba. Oktoba 1873 baraza lilishakubali Saigo atumwe Korea, safari ambayo ingeweza kuzaa vita. Sanjo akaugua, Iwakura, mkubwa mwingine wa ikulu, akapeleka hoja zote mbili kwa Tenno, ya kumtuma na yake mwenyewe ya kutomtuma, Tenno akachagua ya Iwakura, Saigo na mwenzake wa baraza Itagaki wakasusa wakaondoka. Darasani nasema "Tenno aliamua" kwa sababu mtihani unataka hivyo. Moyoni najua waliomzunguka walishaandaa njia, na kumbukumbu zenyewe ziliandikwa na watu wa ikulu. Ila 1894 vita na China vinaanza, anaombwa ateue wajumbe wa kwenda kuripoti vita kwenye hekalu kuu la Ise na kwenye kaburi la baba yake, akakataa kwa hasira, kwamba vita hivi si vyake ni vya mawaziri. Kesho yake akakubali. Mwanasesere hakasiriki hivyo, lakini pia mwenye amri hakubali kesho yake, sasa nimuweke wapi? Kila mwaka nabadilisha jibu.

Na ile picha ya kwenye grupu, ambayo jamaa alisema "ona macho ya kiongozi". Tenno alikuwa hapendi kupigwa picha. Kwa hiyo 1888 akaitwa Edoardo Chiossone, Mwitaliano aliyeajiriwa idara ya serikali ya kuchapa noti, akamchora, kisha mchoro ndo ukapigwa picha, ikasambazwa mpaka mashuleni watoto wakaiinamia. Nimemjibu jamaa kwamba macho anayoyasifia ni kazi ya fundi wa noti. Kajibu na emoji ya kucheka, halafu ameituma tena kwenye grupu la ukoo.