Kichefuchefu cha mimba changa: anza na ganda la limau

Wajawazito wa miezi ya mwanzo huniuliza mara kwa mara, kwa kuwa mimi ni mkunga, kama vile vichupa vya mafuta ya kunukia vinazuia kweli kutapika. Jibu langu huanzia puani. Mimba changa huifanya pua iwe kali: vitunguu vinavyokaangwa, dagaa, udi, hata sabuni aliyoogea mume vyaweza kumchafua mama moyo. Nimeona ndoa zikiingia ubaridi kwa hilo. Mume hudhani amechukiwa, kumbe marashi yake ndiyo yaliyokataliwa. Akiyaacha kwa muda, nyumba inatulia. Basi kabla ya kuongeza harufu yoyote, ondoa zinazokukera. Fungua madirisha, mwingine akupikie, udi usifukizwe kwanza.

Kwa kutuliza, naliamini zaidi limau. Mwaka 2014 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wajawazito 100: walionusa mafuta ya limau walipata nafuu kuliko walionusa mafuta ya lozi, ndani ya siku 4. Wala huhitaji kununua kichupa. Mafuta hayohayo yamo kwenye ganda; likwaruze kwa ukucha, lisogeze puani, vuta pumzi taratibu mara chache, kisha liweke kando. Ukipanda daladala asubuhi, funga kipande kwenye kitambaa uende nacho. Mnanaa huwafaa baadhi, ingawa majaribio yake hayakubaliani. Harufu ikikuchefua, iache papo hapo, hata kama ilimsaidia dada yako.

Mwenye kichupa, tone moja kwenye kitambaa latosha. Usiyanywe mafuta hayo kamwe, wala usiyapake ngozini yakiwa makali vilevile. Kafuri iache kabisa. Ikimezwa ni sumu.

Harufu hutuliza tu, haiponyi, kwa sababu chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwenye kondo na kuamsha kichefuchefu ubongoni. Kwa kawaida hali hii huanza karibu wiki ya 6, hukolea wiki ya 9, na kwa wengi huisha kabla ya wiki ya 20.

Ila ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo ukawa wa rangi nzito, ukaona kizunguzungu au ukakonda, nenda hospitali. Na kutapika kukija na homa, kapime malaria siku hiyohiyo. Usiambiwe ni mimba tu ukakubali.